Mchoraji wa kitabu cha mtoto aitwe mapema, alipwe kwa kila nakala inayouzwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji. Makala mliyochapa karibuni kuhusu uhaba wa vitabu vya watoto ilieleza vizuri bei ya karatasi, ufinyu wa soko na kazi ya waandishi. Wachoraji waliambulia sentensi moja, nayo ilisema kwamba picha huongezwa mwishoni ili kunogesha hadithi. Ni kweli ndivyo inavyofanyika katika ofisi nyingi za uchapishaji, na ndiyo sababu vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili vina picha zinazorudia tu yale ambayo mtoto ameshayasoma. Sisi tunaovichora na kuvipiga chapa tunasema mchoraji aitwe kabla kurasa hazijagawanywa, na alipwe kwa kila nakala inayouzwa. Jambo hili si geni. Lilijaribiwa London mwaka 1878 na mchoraji Randolph Caldecott, na kila anayechora kitabu cha picha leo, ajue asijue, anafuata njia aliyoifyeka mtu huyu.

Caldecott alizaliwa mjini Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 22 Machi 1846. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ikamwachia moyo dhaifu maisha yake yote. Alipofika miaka 15 aliacha shule akawa karani wa benki huko Whitchurch, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Mwaka huohuo, 1861, jarida la Illustrated London News lilichapa mchoro wake wa hoteli ya reli ya Chester iliyoteketea kwa moto. Alikaa Whitchurch miaka sita. Humo ndimo alimowaona farasi, mbwa wa kuwinda, minada ya ng'ombe na wakulima waliojaa vitabuni mwake baadaye. Mwaka 1867 alihamia benki nyingine Manchester, mchana akiandika hesabu na jioni akihudhuria shule ya sanaa. Mwaka 1872, akiwa na miaka 26, aliacha benki akaenda London kuishi kwa kalamu.

Huko alijifunza pia kufinyanga sanamu za udongo kwa Mfaransa Jules Dalou. Jambo hili halitajwi sana, nasi tunaona ni kosa. Mtazame farasi wa Caldecott anapokata kona: uzito wake umeegemea mguu wa nje, shingo imegeuka kabla ya kiwiliwili. Hayo hayaji kwa kunakili picha za wengine. Huja kwa mtu aliyemzunguka mnyama pande zote kwa vidole vyake.

Ili kuelewa alichokifanya mwaka 1878, lazima tumtaje kwanza mwenzake, Walter Crane. Crane alikuwa mchoraji mashuhuri wa vitabu vya watoto vya bei nafuu, vilivyochapwa na Edmund Evans na kuuzwa na kampuni ya Routledge. Michoro aliiuza kwa malipo ya mara moja. Vitabu viliuzwa tena na tena, na yeye hakuongezewa kitu. Alipoomba sehemu ya mauzo alikataliwa, akaachana na mfululizo ule. Evans akabaki na mashine, wachongaji na soko, bila mchoraji. Alikuwa ameona michoro ya Caldecott katika Old Christmas ya Washington Irving, iliyotoka mwishoni mwa 1875, akamfuata.

Makubaliano yao yanafaa kusomwa na kila mchapishaji. Evans alibeba gharama za kuchonga vibao, karatasi na chapa. Caldecott alibeba kazi ya kuchora bila kulipwa kwanza. Vitabu vikiuzwa, atapata fungu lake kwa kila nakala. Visipouzwa, amepoteza jasho lake, kama Evans atakavyokuwa amepoteza fedha zake. Krismasi ya 1878 walitoa viwili, The House that Jack Built na The Diverting History of John Gilpin, kwa bei ya shilingi moja ya Kiingereza kila kimoja. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 10,000, zikamalizika kabla Evans hajawahi kuchapa nyingine. Kuanzia hapo walitoa viwili kila mwaka hadi 1885, jumla vitabu 16. Mrabaha wenyewe, yaani fungu hilo la kila nakala, ulikuwa mdogo, na Caldecott mwenyewe alisema hivyo. Lakini ulikuwa wake, na ulikua kadiri vitabu vilivyokua.

Sasa tueleze kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo watu wengi hudhani mchoraji alikabidhi picha ya rangi, mashine ikainakili. Siku zile hapakuwa na njia ya namna hiyo. Caldecott alichora kwa kalamu na wino wa kahawia juu ya karatasi ya kawaida. Mchoro ulipigwa picha moja kwa moja juu ya kibao cha mti wa buksi. Mti huu ni mgumu, hukua polepole sana, na vinyweleo vyake vimebanana. Kibao hakikukatwa kwa urefu wa gogo kama ubao wa seremala. Kilikatwa kwa kulikata gogo kwa upana, ili mchongaji afanye kazi juu ya uso wenye miduara ya umri wa mti. Uso huo hauna upande wa nyuzi, kwa hiyo chuma huweza kwenda kokote bila kuupasua. Shida ni kwamba shina la buksi ni jembamba. Kwa picha kubwa, vipande kadhaa viliunganishwa kwa bolti kwa nyuma. Bolti zikilegea, mstari mweupe huonekana katikati ya picha.

Mchongaji aliondoa kila kisicho mstari, akauacha mstari umesimama ili upokee wino. Kibao hicho cha kwanza kilichapwa kwa kahawia iliyokolea. Nakala ya majaribio ilirudishwa kwa Caldecott kwenye karatasi nzuri, naye akaipaka rangi za maji kwa brashi. Evans aliisoma nakala hiyo kwa jicho la fundi: hapa nyekundu peke yake, pale njano juu ya buluu ili kupata kijani. Kisha akachongesha kibao kwa kila rangi: rangi ya ngozi, nyekundu, buluu, njano na kijivu. Pamoja na kile cha mistari, vibao sita kwa picha moja, na kila karatasi ikapita mashineni mara sita. Rangi hafifu haikuwekwa wino mwepesi. Mchongaji alichonga mistari myembamba sana iliyokaribiana, nyeupe ya karatasi ikapenya katikati, jicho likaona rangi iliyopoa. Karatasi ikinywa unyevu kati ya rangi moja na nyingine hutanuka, na rangi huachana: shavu jekundu likakaa nje ya uso. Ukilinganisha vitabu vya Evans na vingine vya bei ile utaona alivyolidhibiti tatizo hili.

Kwa gharama hizo, kitabu cha shilingi moja hakikuweza kuwa na rangi kila ukurasa. Walikubaliana kwamba pasiwe na ukurasa mtupu, hata kama una mistari michache tu. Kurasa chache zikapata rangi zote sita. Zilizobaki zikapata mstari wa kahawia peke yake, ambao ulihitaji kibao kimoja. Huenda ni uamuzi wa fedha, lakini Caldecott aliugeuza kuwa mwendo wa hadithi. Katika kurasa za mistari watu wanakimbia, wanachungulia, wanaanguka. Ukifika kwenye rangi, kila kitu kinasimama ukitazame. Shairi fupi aliligawa vipande vidogo kuliko wengine walivyothubutu. Mstari mmoja wa maneno ukapewa kurasa mbili, tatu, hata nne, na kati yake akaweka mambo ambayo shairi halikuyasema.

Chukueni Hey Diddle Diddle ya mwaka 1882. Ni shairi la watoto la mistari michache, lenye paka na fidla, ng'ombe anayeuruka mwezi, na mwishoni sahani inayotoroka na kijiko. Maneno yanaishia hapo. Mtoto anafunua ukurasa na kukuta picha isiyo na neno hata moja: sahani imevunjika vipande vipande sakafuni, na kijiko kinarudishwa na wazazi wake, uma na kisu. Katika Baby Bunting, iliyomo kitabu hichohicho, baba anakwenda kutafuta ngozi ya sungura ya kumfunika mtoto wake. Shairi halisemi zaidi. Caldecott akaongeza picha ya mama akitembea na mtoto aliyevishwa ngozi ile, masikio yakiwa yamesimama kichwani, na juu ya kilima sungura wamejipanga wanamtazama. Mtoto mchanga anawatazama nao. Mmarekani Maurice Sendak, aliyekuwa bingwa wa fani hii katika karne ya 20, alisema kitabu cha picha cha kisasa kinaanza na Caldecott, na kurasa kama hizi ndizo zilizomfanya aseme hivyo.

Sasa mtafakari: picha ya sahani iliyovunjika ingewezekanaje kama mchoraji angeletewa kurasa zilizokwisha kupangwa, kila moja na nafasi ya picha moja chini ya maneno? Isingewezekana. Msimulizi wa hadithi zetu, baada ya paukwa na pakawa, hubakiza mambo mengine kwa macho na mikono. Akiyasema yote kwa kinywa wasikilizaji husinzia. Mchoraji anahitaji nafasi hiyo kwenye karatasi, na nafasi hutolewa wakati wa kugawa kurasa, si baadaye.

Jambo la pili ni uchache wa mistari. Caldecott aliamini kwamba kujua cha kuacha ni elimu, na kwamba mistari ikipungua makosa nayo hupungua. Chura wake katika A Frog He Would a-Wooing Go, ya 1883, ana mistari michache mgongoni, na bado unajua amejipodoa kwenda kuposa. Wachoraji wetu vijana, hasa wanaochora kwa kompyuta, hujaza kila pembe: nyasi, mawingu, vivuli, michoro ya kanga hadi uzi wa mwisho. Matokeo yake mtoto wa miaka mitano hajui atazame wapi. Chora mtu kwanza, kisha kile anachokishika au kukikimbia, halafu simama. Kama tendo limeeleweka, mandhari iongezwe tu pale inapobadilisha maana.

Kalamu ile haikudumu. Majira ya baridi ya Uingereza yalimdhuru, akawa anakwenda nchi za joto kila alipoweza. Mwishoni mwa Oktoba 1885 alipanda meli na mkewe Marian kwenda Marekani, kuchora maisha ya huko na kutafuta jua. Walifika Florida katikati ya baridi isiyo ya kawaida. Alifariki St. Augustine tarehe 12 Februari 1886, miezi isiyotimia miwili kabla ya kufikisha miaka 40, na kaburi lake liko hukohuko.

Wasomaji wengi hulijua jina lake kupitia nishani. Mwaka 1937 Frederic Melcher alipendekeza tuzo kwa mchoraji bora wa kitabu cha watoto Marekani, na tangu 1938 Chama cha Maktaba cha Marekani hutoa Nishani ya Caldecott kila mwaka. Inapewa mchoraji. Upande mmoja umechongwa John Gilpin juu ya farasi aliyemshinda, mabata bukini wakitawanyika miguuni, kutoka kitabu cha 1878. Kiswahili kimo katika historia hiyo. Mwaka 1972 heshima ya Caldecott, inayofuata nishani yenyewe, ilikwenda kwa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili. Mwaka 1975 ikaenda kwa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti yetu chenye maneno 24, kwa kuwa Q na X hatuna. Maneno ni ya Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, na picha ni za mumewe wa wakati huo, Tom Feelings, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Vitabu vile havina rangi nyingi. Vina nafasi, na vina watu wanaofanya jambo.

Turudi kwenye viwanda vyetu vya chapa, kwa sababu mbinu ya Caldecott na Evans inafaa leo kuliko watu wanavyodhani. Mchapishaji husema: rangi ni ghali, basi kitabu kiwe cheusi chote, au picha zipunguzwe. Kuna njia ya tatu. Karatasi kubwa ya kurasa 16 ina kurasa nane kila upande. Ukichapa upande mmoja kwa rangi nne na upande wa pili kwa nyeusi tu, unahitaji pleti tano, yaani bamba za kuchapia, moja kwa kila rangi ya kila upande, badala ya nane. Kwa mpangilio wa kawaida wa kukunja, upande wa ndani hubeba kurasa 2, 3, 6, 7, 10, 11, 14 na 15; upande wa nje hubeba 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16. Maana yake ni kwamba ukiweka rangi upande wa ndani, unapata jozi nne kamili za rangi zinazotazamana, 2 na 3, 6 na 7, 10 na 11, 14 na 15, zikipokezana na jozi za mistari. Huo ndio mwendo wa Caldecott, na mashine inakupa karibu bure. Lakini mchoraji lazima ajue kabla ya kuchora. Akiletewa habari baadaye, tukio kubwa litaangukia ukurasa wa 9, ambao hauna rangi, na hakuna fundi atakayeliokoa. Muulizeni mpiga chapa kwanza namna anavyokunja, kwa sababu mashine hazifanani.

Kosa jingine tunalokutana nalo kila mara: mchoraji analeta mstari wa kahawia uliochanganywa kwa rangi zote nne. Mstari huo hugawanywa nukta nukta kwenye pleti nne, na rangi zikiachana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, unakuwa na ukungu pembeni na mtoto anaona macho mawili katika jicho moja. Mstari ukae peke yake kwenye faili, tofauti na rangi, na uchapwe kwa wino mmoja, yaani nyeusi kamili, au kahawia iliyochanganywa tayari kama bajeti inaruhusu wino wa tano. Ukiskani mchoro wa kalamu, tumia nukta 1,200 kwa inchi; kwa rangi za maji 300 zinatosha. Chora kwa ukubwa wa mara moja na robo au moja na nusu ya ukurasa, usizidishe, maana mstari ukipunguzwa sana hukatika. Picha inayofika ukingoni ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, na uso wa mtu usikae ndani ya milimita 10 za mgongo wa kitabu, la sivyo utamezwa kwenye mkunjo.

Kuhusu malipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda mchoro kama kazi ya sanaa, sawa na maandishi. Hata hivyo, mikataba mingi inayowafikia wachoraji ni karatasi moja inayosema picha zote zinanunuliwa moja kwa moja, matoleo yote, lugha zote, milele. Mchapishaji mwenye mtaji mdogo hana haja ya kulipa zaidi siku ya kwanza. Afanye alivyofanya Evans. Alipe malipo kidogo ya awali yatakayokatwa kwenye mrabaha, aweke asilimia ya bei kwa mwandishi na kwa mchoraji kila mmoja kwa jina lake, aandike idadi ya kila chapa kwenye ukurasa wa haki, na atoe hesabu ya mauzo walau mara mbili kwa mwaka. Kitabu kikiingia katika orodha ya shule na kuchapwa upya, mchoraji naye aone matunda yake. Jina lake liwe kwenye jalada, si ndani kwa herufi za mchwa.

Vitabu vya Caldecott havina tena hakimiliki, na mtu yeyote anaweza kuvipakua bila malipo katika mtandao wa Project Gutenberg. Anzeni na Hey Diddle Diddle, kisha A Frog He Would a-Wooing Go. Msiziamini sana rangi mnazoziona kwenye skrini, kwa kuwa nakala nyingi zimetokana na chapa za baadaye zilizofifia. Funikeni maneno kwa kipande cha karatasi, mtazameni mtoto asiyejua Kiingereza akifunua kurasa, na muulizeni imekuwaje sahani ikavunjika.

Wachoraji na wapiga chapa wa vitabu vya watoto,
Dar es Salaam